Barua kwa mwanangu: mama yako mdogo hakuwa muongo

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeupata, na nimeuacha ulale usiku mmoja kabla ya kuujibu kwa sababu umegusa pale pale. Unauliza jambo moja: mama yako mdogo, wakati ule alipokonda mpaka mbavu zikawa zinahesabika, alikuwa akijiona mnene kweli au alikuwa akitudanganya? Unauliza kwa ajili ya huyo msichana mliyepanga naye nyumba huko Utrecht, Uholanzi, anayejifinya kiuno na kusema amenenepa ilhali wewe unaona mifupa tu. Na umesoma kwamba siku hizi ubongo wa wanawake wenye anoreksia nevosa, ule ugonjwa wa mtu kujinyima chakula mpaka akakonda kupita kiasi, unapigwa picha huku wakitazama miili yao wenyewe.

Nitakujibu. Ila kwanza lile neno langu ambalo wewe na ndugu zako mmelisikia mpaka mmelichoka: mgonjwa si muongo. Nililishika nikiwa chuo cha uuguzi na nimestaafu nalo.

Najua utaniambia alikuwa akiwatupia paka samaki. Ndiyo, alificha vipande vya samaki kwenye pindo la kanga, akaenda navyo uani. Alisema amekula kwa shoga yake kumbe hakutia kitu kinywani. Kwenye chakula alidanganya kila siku ya Mungu, sikatai. Lakini kuhusu mwili wake sikuwahi kumsikia akisema asichokiamini. Hayo ni mambo mawili, na watu wazima waliyachanganya, wakamwadhibu kwa la kwanza na hilo la pili wasimuulize.

Ilianza na Ramadhani ya mwaka 1984. Baada ya Idi akafunga sita, na hakuna aliyeshangaa. Kisha Jumatatu na Alhamisi. Kisha siku zisizo na jina. Watu walimsifu, mwanangu! Mtaa mzima wa Ngamiani ulimtolea mfano kwa mabinti wengine. Na miaka ile usisahau ilikuwaje: sukari kwa foleni, unga kwa foleni, sabuni kwa foleni. Bibi yako alikuwa akitoka kabla ya alfajiri akapange ndoo yake kwenye mstari, arudi na kilo mbili za unga wa njano, na binti yake anausukuma ugali pembeni ya sinia. Uchungu wake ulikuwa mkubwa. Kukataa chakula kwenye nyumba iliyopanga foleni kwa ajili yake ni kitu ambacho watu hawakisamehe.

Hedhi ikakatika, na umbeya ukaanza kwamba ana mimba. Mikononi akaota malaika, vile vinywele laini kama vya mtoto mchanga. Akawa anavaa sweta Tanga, mwezi wa Januari. Akapimwa makohozi, hana kifua kikuu. Akapewa dawa ya minyoo. Akanyweshwa kombe. Hospitali moja tuliyompeleka, daktari hakumuuliza yeye hata neno; alimgeukia bibi yako akamwambia, "Mama, mpe mtoto chakula."

Na ile arusi ya binamu yetu. Nimeshakusimulia, lakini sijakusimulia yote. Wanawake tumekaa kwenye majamvi, masinia ya pilau yameshushwa, mama yako mdogo yuko pembeni yangu anachambua mchele na kuuzungusha. Mama mmoja mtu mzima, wa heshima zake, akainua sauti kutoka jamvi la pili: "Huyo mtoto ni wa kumzaa au wa kambo? Maana wa kambo ndio hukonda hivyo." Wengine wakacheka. Bibi yako hakujibu. Alinawa mkono ambao haukuwa umegusa chakula, akajitanda ushungi, akaondoka. Tulimfuata sote, tukapita kwenye taa za arusi watu wakitutazama. Yule mama ameshatangulia mbele ya haki na nimemwombea dua kama ninavyowaombea wengine, lakini maneno yake bado nayasikia.

Ndiyo maana ukiniuliza kuhusu ubongo, mimi najikuta nakujibu kuhusu bibi yako. Mzazi ndiye wa kwanza kushtakiwa kwenye ugonjwa huu, na hilo halikuanzia Tanga. William Gull, daktari wa London aliyeupa ugonjwa jina mwaka 1874, aliandika kwamba ndugu na marafiki kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Ikapita miaka mia moja na ushei, na katika jiji lile lile, kwenye hospitali ya Maudsley, madaktari wakafanya kinyume: wakamkalisha mama na baba mezani, wakawapa wao kazi ya kumlisha kijana wao, na wakawaambia waache kutafuta mkosaji. Kwa vijana ndiyo tiba inayotumika sana hadi leo. Bibi yako hakuijua Maudsley. Alichofanya ni kwamba aliacha kugombana, akawa anakula naye sahani moja, wawili peke yao, kila mlo, hata kama uji wa saa mbili unaisha saa nne. Ilichukua muda mrefu mno, na kuna miezi mambo yalirudi nyuma. Lakini ndivyo alivyomrudisha.

Halafu mwaka 2019 wanasayansi wa nchi nyingi walipolinganisha vinasaba vya karibu wagonjwa 17,000 na watu wasio wagonjwa, walipata sehemu 8 za urithi zinazohusiana na ugonjwa huu, na uhusiano wake si na akili tu bali pia na jinsi mwili unavyotumia chakula. Niliposoma hayo nilitamani yule mama wa arusini awepo.

Sasa swali lako lenyewe. Huko huko uliko, Chuo Kikuu cha Utrecht, Anouk Keizer na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio ambalo lilinikalisha kitako. Waliwapitisha wanawake kwenye uwazi kama mlango, wakawa wanaupanua na kuubana. Wanawake hawakuambiwa kinachotazamwa. Walipewa kazi nyingine ya kuwashughulisha. Kilichokuwa kikipimwa ni bega: linageuzwa lini ili mtu apite kiubavu? Wenye afya waligeuza bega mpaka uwazi ulipozidi upana wa mabega yao kwa asilimia 25, baada ya hapo wakapita wima. Wenye anoreksia waliendelea kugeuza mpaka ulipozidi kwa asilimia 40. Watu wembamba kuliko wote pale ndio waliojipisha zaidi.

Mwanangu, mimi hilo nimeliona kwa macho yangu. Ule mlango wa kutokea ukumbini kwenda uani, unaoufahamu, unaopitisha mtu na gunia la nazi kichwani na mtoto mgongoni. Mama yako mdogo alikuwa akiufikia, anainamisha bega la kulia, anapita kiubavu. Akiwa mikono mitupu. Akikuta watu wawili wamesimama ukumbini hapiti katikati, anasubiri wasogee. Mjomba wako alimwigiza kila siku, anasema binti anaringa, anatembea kama bibi arusi. Na yeye alikuwa hajui kabisa anachochekewa. Alimwangalia kaka yake kwa mshangao wa kweli. Mtu anayetaka kuwadanganya wenzake hadanganyi kwa bega, kwenye mlango, wakati anadhani hakuna anayemwona.

Zile picha za ubongo zinaelekea upande huo huo. Sydney, mwaka 2008, wanawake wachache wenye ugonjwa waliingizwa kwenye mashine wakaonyeshwa picha za miili ya wanawake wengine, kisha za miili yao. Kwa picha za wengine ubongo wao ulifanya kazi sawasawa na wa wenye afya. Kwa picha zao wenyewe, zile sehemu zilizoamka kwa wenye afya zilibaki kimya, mojawapo insula, iliyojikunja ndani kabisa na inayopokea habari za mwilini: mapigo ya moyo, njaa, shibe. Kwa hiyo jicho halikuwa bovu. Mama yako mdogo alikuwa akiniambia mimi, "Dada, umekonda, kula," na alikuwa anasema kweli, nilikuwa nimekonda. Alinipima mimi sawasawa. Mizani ilipotea alipofika kwake mwenyewe.

Hapo ndipo napenda kukwambia: basi, jibu ni ndiyo, alijiona mnene, na ubongo ndio uliomwonyesha hivyo. Lakini ngoja. Ubongo huo ulipigwa picha ukiwa tayari na njaa. Nani ajue ulikuwaje kabla? Kule Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, vijana wa kiume 36 waliokataa kwenda vitani walijitolea kupunguziwa chakula karibu nusu kwa wiki 24, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Walipungua kama robo ya uzito wao. Hakuna aliyekuwa anataka wembamba, na hata hivyo walianza kusoma vitabu vya mapishi, kuota chakula, kuzungusha kidogo walichopewa kwenye sahani ili kisiishe, kujitenga na wenzao. Mama yako mdogo alikuwa ndiye mpishi wetu mwaka ule! Alipika samaki wa nazi akakaa kutazama vinywa vyetu. Sisi tukisema, mbona anapenda chakula? Kumbe ile ilikuwa njaa yenyewe ikimgeuza. Basi kipi kilianza, na kipi kilikuja kwa sababu ya njaa? Picha peke yake haikati shauri hilo.

Na kuna jambo jingine linalonipinga. Mwaka 2004 ilichapishwa habari ya wanafunzi wa kike wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Kati ya 668 waliopimwa, 10 walikuwa wamekonda kwa kujinyima tu. Wote 10 waliona kujinyima kwao ni jambo jema la dini na la kujitawala. Habari ya unene haikuwasumbua. Nikisoma hapo namwona binti aliyesifiwa Ngamiani kwa kufunga. Sasa alikuwa wa kundi lipi, la mlango au la funga? Nikikumbuka bega lile nasema la mlango. Nikikumbuka uso wake Alhamisi jioni, alivyong'aa alipokataa tende, nasema la funga.

Unataka niseme kama ilikuwa anoreksia. Ulimi unaniwasha. Lakini hakuna daktari aliyempima kwa jambo hilo wakati ule, na mimi ni muuguzi, siwezi kuandika cheti cha ugonjwa kwa kumbukumbu za dada mtu. Mwenyewe yuko Pangani, ana wajukuu, anakula na watu. Ukija muulize wewe, kwako atasema. Nilichonacho mimi ni kile kile: mgonjwa si muongo.

Kwa huyo mwenzako: usibishane naye mbele ya kioo, usimwambie "mbona huna unene." Unachokiona wewe sicho kinachofika kwake, na atabaki akijua tu kwamba humwamini. Mwambie unamwogopea, umpeleke kwa daktari. Wapime moyo wake na potasiamu, madini yanayousaidia moyo kupiga sawasawa, kwenye damu, kwa sababu ugonjwa huu huua, na moyo ni njia mojawapo. Usije ukamshindilia sahani kubwa ghafla kwa huruma. Aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa pupa, fosfeti, madini mengine ya kwenye damu, hushuka na anaweza kufa wakati anakula. Aanze chini ya macho ya daktari. Ubongo uliosinyaa kwa njaa hurudi kwa sehemu kubwa uzito ukirudi, hilo limepimwa, kwa hiyo usikate tamaa na asikukatishe.

Muulize kama anazimia akisimama ghafla, na kama hedhi inakuja. Ukipata jibu nipigie, hata kama huku ni usiku.

Mama yako