Betri za gari la kulala: shuku friji kwanza

Pole ndugu. Umesema betri mbili za taa na friji kwenye gari lako la kulala zimekufa baada ya miezi 14, na unauliza kama muuzaji wa Kampala alikupunja. Inawezekana, ila mimi ningeshuku friji kwanza.

Betri za risasi zenye maji, zikitunzwa, hukaa kama miaka 3 hadi 5. Kinachoziua mapema ni kunyonywa mno. Betri ikiwa imepumzika (haichajiwi wala haitumiki) na mita inasoma volti 12.7, imejaa, ikishuka hadi 12.1 hivi, nusu imekwisha. Hapo zima friji, hata kama nyama ni ya kesho. Ukiiacha tupu kwa siku kadhaa, salfeti, aina ya chumvi, huganda kwenye sahani (bamba za risasi zilizo ndani ya betri) na chaji haiingii tena vizuri.

Maji yaangalie kila mwezi, na mara zaidi ukishinda kwenye joto la Karamoja. Ongeza maji yaliyokenekwa (yaliyotokana na mvuke) tu, betri ikishajaa chaji. Sahani zikiwa wazi, zifunike kidogo kwanza. Maji ya kunywa ya chupa hayafai. Asidi usiongeze kabisa! Yangu iliuawa hivyo na fundi mmoja mwenye haraka.

Kuwasha injini nusu saa hakujazi betri, kwa hiyo gari likiegeshwa liache na sola. Kaza nati za vichwa vya betri pia. Barabara ya Kidepo hulegeza kila kitu.

Betri ya lithiamu hufikisha hata miaka 10, lakini uliza kwanza kama chaja yako inaiweza.