Kwa katibu wa komite ya wazazi: usisaini mkataba wa mlinzi mwenye bunduki

Usisaini. Nimelisoma swali lako tena ili nihakikishe kwamba sikukuelewa vibaya, na jibu langu halibadiliki: usisaini kitu chochote na yule bwana wa kampuni ya ulinzi siku ya Jumatatu, hata kama wajumbe wenzako wameshakubali, hata kama bei ni nzuri, na hasa kama bei ni nzuri.

Kwa wanaofika sasa: ndugu yetu ni katibu wa komite ya wazazi katika shule moja ya msingi ya serikali hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC). Wezi wameingia usiku, wamebeba madawati na mabati ya stoo. Anauliza kama sheria inaruhusu shule ya serikali kulindwa na mtu mwenye bunduki. Kama mwalimu mmoja mwenye kibali cha bunduki ya kuwindia anaweza kusaidia usiku, kwa kuwa ameona kwenye simu walimu wa Marekani wakibeba silaha. Wazazi wachangishwe kiasi gani.

Mimi nilikuwa katika komite ya namna hiyo, katika mji huuhuu, na saini yangu iko chini ya mkataba ambao ningependa panya wautafune. Kampuni ilitutumia bwana mmoja mwenye tai na faili la plastiki. Tulimwambia wazi kwamba tunataka mtu mwenye silaha, kwa sababu zamu wetu mzee, yaani mlinzi wa usiku, alikuwa na rungu na filimbi tu, na wezi walikuwa wakimsalimia kwa jina. Yule bwana akatuambia kwamba jambo la silaha limeshapangwa na wakubwa. Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili, umeandikwa “huduma ya ulinzi wa usiku”, na neno bunduki halikuwamo popote. Tulipouliza, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba mambo ya silaha hayaandikwi, kwa sababu za usalama. Miongoni mwetu alikuwepo mtu wa benki, na nilikuwepo mimi, ninayejigamba kwamba husoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa. Sote tukatikisa vichwa, tukamshukuru kwa busara yake, na mweka hazina akahesabu malipo ya trimesta nzima, yaani muhula, yote mkononi.

Sasa sikia kile ambacho bwana wa tai alikijua na sisi hatukukijua. Katika nchi yetu kampuni za ulinzi zinafanya kazi kwa idhini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kanuni za wizara hiyo haziziruhusu kuwapa wafanyakazi wao bunduki. Ndiyo maana ukipita mbele ya benki au ghala kubwa mjini unaona watu wawili: mmoja amevaa sare ya kampuni na ana rungu na redio ya mawasiliano, na pembeni yake amekaa polisi mwenye AK. Bunduki ile si ya kampuni wala si ya benki. Ni mali ya Polisi ya Taifa, na aliyeishika anaamriwa na kamanda wake kwa mujibu wa sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inayopanga kazi za polisi, si na meneja anayempa maji ya kunywa. Kwa hiyo kampuni ikikuahidi bunduki, kuna mambo mawili tu yanayowezekana. Ama imemwomba kamanda wa polisi kwa barua, naye akamtuma mtu wake, na karatasi ya kumtuma ipo; ama imempata polisi ambaye, akimaliza kazi yake, anaondoka na bunduki ya dola kwenda kujitafutia senti usiku. Sisi tuliletewa huyo wa pili, tukamkaribisha kwa soda.

Alikuwa kijana mpole na sina chuki naye. Mshahara wa polisi tunaujua sote. Wiki za kwanza hapakuibwa hata chaki, nasi tukajipongeza katika mkutano. Kisha ikaja mvua ya Januari, ile isiyouliza kama una koti. Usiku ule mlinzi wetu aliacha lango, akaingia darasa la kwanza, akaunganisha mabenchi mawili na kulala, bunduki akaiegemeza ukutani chini ya ubao. Asubuhi watoto wa zamu ya kufagia walifika mapema kama kawaida yao. Msichana mdogo wa darasa la tatu aliingia ofisini kwa direkta, mkuu wa shule, akiwa ameibeba bunduki ile kwa mikono miwili kifuani, kama anavyobeba mdogo wake nyumbani, magazini ya risasi ikiwa imo ndani, akasema kwa adabu kabisa: “Bwana Direkta, papa polisi ameisahau hii darasani.” Direkta, aliyekuwa na kikombe cha chai mkononi, aliinua mikono juu kabla hajajua anafanya nini. Leo wanakomite hulisimulia jambo hili wakicheka. Siku ile hakuna aliyecheka, na mimi mwenyewe nililazimika kuketi chini ya mwembe wa uwanjani mpaka magoti yakakubali tena kusimama.

Hakuna mtoto aliyeumia. Usikimbilie kusema kwamba basi yaliisha salama, kwa sababu ndipo yalipoanza. Kabla ya saa sita wazazi walikuwa wamejaa langoni wakidai watoto wao. Yule kijana alipelekwa mbele ya mwendesha mashtaka wa jeshi, kwa kuwa Katiba yetu, katika ibara ya 156, inawaweka polisi chini ya mahakama za kijeshi kama askari. Sisi wanakomite tuliitwa mmoja mmoja, na swali lilikuwa lilelile kwa kila mtu: nani aliamuru silaha hii ilale shuleni? Tulisema kampuni. Kampuni ikaleta mkataba wake safi wa kurasa mbili, ikasema kwamba iliahidi ulinzi wa usiku na haijui habari ya bunduki yoyote. Bwana wa tai hakupokea tena simu, na nadhani hata tai aliibadilisha. Likaja swali la pili ambalo hatukulitarajia kabisa, yaani tuliwatoza wazazi kwa ruhusa ya nani, ilhali ibara ya 43 ya Katiba inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na bure hiyo imekuwa ikitekelezwa tangu Septemba 2019. Hapo tulinyamaza. Pesa ya trimesta haikurudi, wazazi walitaka michango yao, na tuliirudisha kutoka mifukoni mwetu. Aliyelipa zaidi yetu sote ni direkta, ambaye hakusaini chochote na alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba hapendi mpango ule: alihamishwa, kwa sababu mbele ya serikali shule ni yake, wala si ya komite.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami nitairudia mpaka uichoke: bunduki isivuke lango la shule kabla hujashika karatasi inayomtaja anayemwamuru mwenye bunduki hiyo, na karatasi hiyo iwe imetoka kwa huyo anayeamuru. Karatasi ya kampuni haitoshi. Simu ya mkubwa fulani haitoshi. Neno “limepangwa” ndilo halitoshi kuliko yote. Mtu akilitamka mbele yako, funga faili na umsindikize hadi barabarani. Barua ya kuomba ulinzi aiandike direkta, si komite, apitishe kwa wakubwa wake wa elimu, na nakala iende kwa mkuu wa komini, yaani serikali ya eneo lenu la mji, na kwa kamanda wa polisi. Wakikubali, jibu lao litaonyesha polisi anatoka kituo gani, anaanza saa ngapi, anakabidhi wapi silaha asubuhi kabla watoto hawajafika, na nani anampigia simu akilala. Wakikataa, utakuwa umeokoa pesa na jina lako.

Kuhusu mwalimu na bunduki yake ya kuwindia, kanuni ni ileile. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inampa kibali mtu kwa jina lake. Haiipi shule kibali, na haimgeuzi mwalimu wa hesabu kuwa askari jua likizama. Nani anamwamuru? Mke wake, labda.

Ile video ya walimu wa Marekani iache hukohuko, maana ukiichunguza inanitetea mimi. Kule kila jimbo lina sheria yake, na juu yake ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inayokataza bunduki katika eneo la shule, ambayo Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 1995 katika kesi ya Lopez, kisha Bunge likaiandika upya mwaka 1996 na kuacha nafasi kwa wale walioidhinishwa. Florida, baada ya mauaji ya shuleni Parkland mwezi wa Februari 2018, iliruhusu baadhi ya wafanyakazi wa shule kubeba silaha, lakini kwanza wapimwe akili na dawa za kulevya na wamalize saa 144 za mafunzo chini ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Walimu wa darasani waliongezwa mwaka 2019 tu. Huko Ohio, bodi ya shule za Madison iliamua mwaka 2018 kuwapa silaha baadhi ya wafanyakazi wake, wazazi wakaishtaki, na mwaka 2021 mahakama kuu ya jimbo ikasema kwamba watu hao walipaswa kuwa na mafunzo ya polisi, ambayo yanazidi saa 700, au miaka 20 ya kazi ya polisi. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo walipunguza sharti hilo hadi saa zisizozidi 24, bodi ikitaka inaweza kuongeza. Mtu anaweza kuona kwamba saa 24 ni mzaha, na mimi naona hivyo. Lakini hata mzaha huo umeandikwa katika sheria, unatekelezwa chini ya jina la mtu mwenye mamlaka, na mzazi anaweza kuupeleka mahakamani. Wewe utampeleka nani mahakamani, bwana wa tai?

Na yule mchangiaji wa jukwaa hili aliyekushauri kwamba uchukue vijana wawili wa mtaa, uwanunulie silaha ya magendo na uwape posho, tafadhali usimsikilize hata kidogo. Ibara ya 190 ya Katiba inakataza mtu yeyote kuunda wanamgambo wa binafsi au kuwaweka vijana wenye silaha, na inaliita jambo hilo uhaini mkuu. Uhaini mkuu, ndugu yangu, kwa ajili ya madawati. Tena hapa si mji wowote tu. Machi 2013 Kata Katanga, wapiganaji wanaotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi mchana kweupe, na mtu yeyote aliyekuwepo siku ile, akimwona usiku kijana asiye na sare akizunguka shule na bunduki, hatauliza kama yeye ni zamu wa komite.

Mwambie mweka hazina wako asitoe ile pesa ya kwanza ya kampuni, hata nusu yake, mpaka direkta awe na jibu la kamanda wa polisi mkononi. Kisha weka hapa picha ya mkataba, ukifunika majina na mihuri. Nitaupitia mstari kwa mstari usiku huu, na ikiwa neno silaha limo, nitakuomba radhi mbele ya wote.