RCD Ikiruka, Usikimbilie Luthuli

Vijana wangu, nimechoka kusikia "mkubwa, RCD imeharibika" (kile kifaa kinachokata stima ikivuja) kutoka kwa mtu ambaye hajapima chochote. RCD nzima zinang'olewa, mteja anatozwa, na mpya nayo inaruka kabla hamjafika stejini.

1. Kuruka ndiyo kazi yake. Inalinganisha stima inayotoka kwa laivu na inayorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, lazima iwe imekata. Chomoa kila kitu, rudisha kimoja kimoja. Mara nyingi ni birika.

2. Kuzima breka si kutenga sakiti. Hapa niliaibika. Fleti ya Donholm, RCD inaruka kila mama mwenye nyumba akiwasha pasi sebuleni. Soketi za balkoni nilikuwa nimezifunga mwenyewe, kwa hivyo nikazima breka yao nikatangaza kwamba hizo hazihusiki. Nikashuka barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa, na pesa za mama, nikarudi na RCD mpya, nikafunga. Pasi ikawashwa, ta! Mama aliniangalia tu, afadhali angenitukana. Mzee aliyenifunza kazi alipokuja hata hakuigusa ile RCD. Alienda moja kwa moja balkoni, akafungua soketi: skrubu yangu ilikuwa imetoboa nyutro na kuigusisha boksi la chuma. Breka ile hukata laivu peke yake. Nyutro ilibaki kwenye baa inayounganisha nyutro zote. Basi stima ya pasi, ikirudi, sehemu yake ilikuwa inapotelea kwa athi (ardhini) kupitia soketi niliyoapa nimeizima. RCD ya kwanza haikuwa na kosa. Nililipa ile ya pili kidogo kidogo, na mzee alinitania mpaka nikabadilisha njia ya kwenda kazini.

Kwa hivyo toa nyutro ya sakiti hiyo kwenye baa pia, kisha piga mega (kipimo cha kuonyesha kama waya unavuja) ya volti 500, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa. Tester ya bisibisi haitakuonyesha nyutro iliyogusa athi, hata uibusu.

3. Stima ikiwepo, bonyeza T, kile kitufe cha kujaribu RCD. Isipokata, hiyo sasa ni mbovu. Badilisha.

4. Kwenye soketi yenye RCD ndani, zima meni kabla ya kufungua, na usichanganye upande wa kuingia na wa kutoka.

5. Ile GFCI (RCD ya Kimarekani) ambayo shangazi wa mteja ametuma kutoka Marekani ni ya volti 120. Hapa ni 240. Mshukuru shangazi, usiifunge.