Aliyenyimwa posho ya ulemavu Uingereza anakula nini?

Ndugu zangu, kila simu swali ni lile lile: si huko Uingereza mgonjwa hulipwa na serikali, mbona tangu kaka aumie mgongo hela hazionekani? Mkiambiwa amenyimwa na amekata rufaa, mnasema anaficha. Nitawajibu wazi, maana maneno haya yanavunja undugu.

Kwanza, wengi wetu hatuna haki hata ya kuomba. Mwenye viza ya masomo au ya kazi, wakiwemo wanaotunza wazee, kwa kawaida amezuiwa fedha za umma. Akiomba PIP, yaani posho ya ulemavu, anahatarisha viza yake. Wanaoomba ni raia, wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi waliokubaliwa na wachache wengine.

Hata hao hawalipwi kwa jina la ugonjwa. Wanapewa alama kwa mambo 10 ya maisha ya kila siku na mawili ya kutembea. Alama 8 ni kiwango cha kawaida, 12 ni cha juu. Na hapa malezi yetu yanatuponza. Mpimaji anauliza kwenye simu, hujambo leo? Mtu anajibu sijambo, namshukuru Mungu. Kwetu hata aliyelala kitandani husema sijambo kwanza, maumivu baadaye. Mpimaji anaandika: anasema hajambo. Unapika? Napika. Hasemi kwamba anamenya viazi vitatu akiwa amekaa, mkono umekufa ganzi, na sufuria inaepuliwa na mtoto. Barua inarudi: kupika, 0. Ilhali kanuni inasema huhesabiwi kuwa unaweza jambo mpaka ulifanye kwa usalama, vizuri, kila linapohitajika, bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya. Basi kaka, ukiulizwa hali, sema hali. Adabu ya sijambo tuwekee sisi.

Sasa rufaa. Ana mwezi mmoja tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, siyo siku aliyoifungua, kuomba uamuzi uangaliwe upya. Wakikataa tena, anapata mwezi mwingine wa kwenda kwenye baraza la rufaa, kwa intaneti au kwa fomu ya SSCS1. Halitozi ada, na mkalimani wa Kiswahili hutolewa bure akiombwa kwenye fomu. Aombe kusikilizwa ana kwa ana au kwa simu, asikubali karatasi peke yake, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo iliyoandika hajambo. Aitishe ripoti ya mpimaji, ajibu sehemu kwa sehemu. Barua ya daktari inayotaja ugonjwa tu haimsaidii sana. Inayosema hawezi kusimama zaidi ya dakika kadhaa jikoni ndiyo yenye uzito. Baraza huangalia alivyokuwa siku ya uamuzi. Kama amezidiwa baadaye, hilo ni ombi jipya.

Miezi yote hiyo, aliyenyimwa PIP halipwi hata senti ya PIP. Na mkewe anayemvalisha viatu kila asubuhi hapati posho ya mtunzaji, kwa sababu hiyo huegemea PIP ya mgonjwa. Kinachobaki ni Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Kama hajaiomba, aombe leo, asingoje rufaa. Malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano. Akichukua fedha za awali, huo ni mkopo, utakatwa mwezi kwa mwezi hadi miezi 24. Mwaka wa fedha 2025/26, mtu asiyeishi na mwenza, wa miaka 25 au zaidi, alipata pauni 400.14 kwa mwezi, kando ya msaada wa pango, ambao mara nyingi haufikii kodi yote. Humo mna umeme, gesi, nauli, chakula. Akiwa pia ameambiwa anaweza kufanya kazi, anatakiwa kutafuta kazi huku rufaa ikiendelea, la sivyo anakatwa. Amweleze ofisa wake wa ajira ampunguzie masharti, na aandike hayo kwenye jarida lake la mtandaoni la Universal Credit ili yabaki. Aliyekuwa kwenye ESA, posho ya asiyeweza kazi kwa ugonjwa au ulemavu, ana nafuu kidogo: akishawasilisha rufaa anaweza kulipwa kiwango cha msingi, ili mradi daktari aendelee kumpa cheti cha kutoweza kazi.

Aombe pia punguzo la kodi ya halmashauri, maana haliji lenyewe. Madeni yakimzidi, mshauri wa madeni anaweza kumwombea siku 60 ambazo wadai wengi wanasimamishwa na riba inasimama. Benki ya chakula, yaani wanaogawa chakula bure, kwa kawaida hutaka barua kutoka kwa daktari au Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure. Aende, asione haya.

Na lile la kiwanja. Mkimwandikisha kiwanja cha Kibaha kwa jina lake, Universal Credit wanakihesabu kama akiba, na lazima akitaje. Mali ikipita pauni 16,000 haki yote ya Universal Credit inaondoka. Akigawa fedha kusudi aonekane hana, wanaweza kumhesabia kana kwamba bado anazo. Msimtie matatani kwa kumpenda.

Nyinyi je? Acheni kumwomba. Harusi ingoje, bati zingoje. Dawa za mama, hizo najua atatuma hata mkimkataza, na mimi siwezi kumwambia asitume. Tuma, kaka, lakini usikopee. Msimpigie kila siku kuuliza rufaa imefika wapi. Lakini pigeni, kwa sababu nyumba ya mgonjwa huku ni kimya, pigeni mzungumze habari za mvua na mbuzi.

Akishinda, kwa kawaida hulipwa malimbikizo tangu alipoomba, na huingia kwa mkupuo. Zina wenyewe tayari: mwenye nyumba, halmashauri, umeme. Mwacheni awalipe hao kwanza. Kitakachobaki, atawaambia mwenyewe.