Padi Imeunganishwa, Mchezo Hauitikii

Swali: Nimeunganisha padi (kifaa cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea michezo) isiyo na waya ya PlayStation 4 na simu yangu ya iPhone, na kwenye orodha ya Bluetooth inaonekana imeunganishwa, lakini nikifungua mchezo vitufe havifanyi lolote. Je, padi ni mbovu?

Jibu: Ndugu msomaji, usiitupe padi yako, kwani huenda ni nzima kabisa. Simu za iPhone zilianza kupokea padi za aina hiyo mwaka 2019, lilipotoka toleo la 13 la iOS, yaani programu endeshi ya simu hizo, lakini kukubaliwa na simu ni jambo moja na kukubaliwa na mchezo ni jambo jingine, kwa kuwa mtengenezaji wa mchezo ndiye anayeamua iwapo vitufe vitasomwa au vidole pekee kwenye kioo. Jaribu mchezo mwingine unaojulikana kukubali padi. Ukiitikia, basi umepata jibu. Usipoitikia, iondoe padi kwenye orodha ya Bluetooth, kisha bonyeza kitufe cha PS pamoja na cha Share bila kuviachia hadi taa ianze kumetameta, ndipo uiunganishe upya.