Mama ana stenti kichwani, na jino linataka kung'olewa

SWALI: Mama yangu, miaka 58, alitibiwa India miezi minne iliyopita kwa mshipa wa ubongo uliotuna. Hakupasuliwa fuvu, walipitisha mpira pajani, wakajaza koili (nyaya nyembamba za platinamu) ndani ya uvimbe huo na kuweka stenti. Anameza aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda. Daktari wa meno anataka aache zote wiki nzima ndipo amng'oe jino. Kichwa pia humuuma mara kwa mara. Je, koili zimehama?

JIBU: Jino ndilo linalonitisha kuliko kichwa. Asiache dawa. Stenti ni wavu wa chuma, na miezi ya mwanzo damu hupita ikigusa chuma kitupu, hivyo huwa tayari kuganda juu yake. Taratibu ngozi ya ndani ya mshipa huota na kuufunika. Ndiyo maana dawa hizo mbili kwa kawaida huenda pamoja miezi 3 hadi 6, kisha klopidogreli husitishwa na aspirini huendelea. Akiziacha sasa, donge likiziba stenti, hicho ni kiharusi. Jino moja hung'olewa mtu akiwa kwenye dawa: damu itachelewa kukauka, lakini kung'ata shashi kwa nguvu na nyuzi mbili tatu kwa kawaida hutosha. Waunganishe kwa simu daktari wa meno na aliyeweka stenti.

Koili kuhama baada ya miezi ni nadra. Kinachotokea zaidi ni damu kuzishindilia ndani, mlango wa uvimbe ukafunguka upya. Watafiti wa Montreal waliripoti mwaka 2003 kwamba takriban theluthi ya uvimbe uliojazwa koili ulijirudia kwa kiasi fulani, ingawa wengi hawakuhitaji kutibiwa tena. Haliumi hilo, huonekana kwa picha tu, kwa hiyo asikose miadi. Koili za platinamu hazivutwi na sumaku ya mashine ya picha ya MRI, ila aende na kadi ya stenti.

Kichwa kuuma baada ya tiba hii ni kawaida, na mara nyingi hupungua. Hukuniambia kama mshipa ulikuwa umepasuka. Kama ndiyo, mwangalie anavyotembea: akianza kuburuta miguu, kusahau na kushindwa kuzuia mkojo, huenda maji yanajaa kwenye ubongo, apigwe picha ya CT ya kichwa. Maumivu ya ghafla yasiyo na mfano, kutapika, mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito, mpeleke hospitali saa ileile, hata usiku wa manane.