Misuli ya Miguu na Ini: Niliyojifunza Nikipanda Vilima vya Mwanza

Kipimo cha ultrasaundi kilipoonyesha kwamba ini langu lina mafuta mengi, ingawa sijawahi kunywa pombe, nilikimbilia kununua unga wa kusafisha ini kwa mchuuzi mmoja hapa mjini, nikaunywa mwezi mzima, na kipimo cha pili kikatoa majibu yale yale. Daktari alikuwa ameniambia nitembee, nami nikadhani ananifariji tu. Nawasihi msirudie kosa hilo.

Kila alfajiri sasa napanda ngazi za mawe za Bugarika, ambako akina mama wenye ndoo za maji kichwani hunipita bila kuhema, na mapaja yanapoanza kuwaka moto najua kwamba ini limekwisha kupata habari. Misuli ina akiba yake ya sukari, lakini haiwezi kuirudisha kwenye damu. Mwenye uwezo huo ni ini, ambalo huhifadhi takriban gramu 100 kwa ajili ya mwili mzima. Mtu akijikaza, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hushuka, glukagoni, homoni inayoipandisha, hupanda, na misuli yenyewe humwaga katika damu kemikali iitwayo interlukini-6, hasa mazoezi yanapokuwa marefu na akiba yake inapopungua, nayo huchangia kulihimiza ini litoe sukari. Mtafiti Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen, Denmark, ndio walioonyesha, mwaka 2000, kwamba kemikali hiyo hutoka kwenye misuli inayofanya kazi.

Laktati nayo, kemikali ambayo misuli huitoa inapovunja sukari na ambayo wengi wetu tulifundishwa kuiona kama uchafu wa uchovu, husafiri hadi kwenye ini na kugeuzwa kuwa sukari tena. Mzunguko huo unaitwa kwa jina la wanasayansi Carl na Gerty Cori, waliotunukiwa Nobel mwaka 1947.

Kinachonipa moyo zaidi ni kwamba mazoezi ya mara kwa mara hupunguza mafuta ya ini hata pale mizani isiposogea sana, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya kilo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Mimi nilianza na dakika kumi za barabara tambarare ya Capri Point. Anayejidunga insulini azungumze kwanza na daktari wake, na asitoke nyumbani bila kitu kitamu mfukoni, maana sukari yake inaweza kushuka mno.